Nimependa kitagi cha mwaka 1984, na mama watoto hajui

Barua

Assalaam aleikum Mzee,

Nakuandikia kutoka Kent, jimbo la Washington, hapa Marekani. Nimezaliwa Wete, Pemba. Marehemu babu alikuwa na mashua ya kupeleka mizigo Tanga, na ule mkondo wa Pemba niliuvuka mara nyingi nikiwa nimelala juu ya magunia, kabla sijajua hata kupanda baiskeli. Huku nina miaka 22 sasa. Nafanya kazi ghalani, zamu ya usiku. Umri wangu ni 57, na mtoto wa mwisho anamaliza chuo mwakani inshallah.

Tatizo langu ni chombo. Njia yangu ya kazini inapita karibu na wanakotengeneza zile boti za Ranger, zile ndogo zenye sura ya tagi, yaani boti ya kuvuta meli bandarini: kibanda cha usukani kimeinuka, vioo vimesimama wima, na bomba la moshi juu ambalo ni la urembo tu. Miaka yote naziona ziko juu ya malori zinapelekwa kwa wenyewe, na mimi nabaki nimeshika usukani wa gari nikizikodolea macho. Sitaki kuvua kibiashara wala kushindana na mtu. Nataka nikistaafu tuwe tunashuka baharini mimi na mke wangu, Mei mpaka Septemba, tutie nanga kwenye visiwa vya San Juan, tupike samaki wa nazi, tulale, kesho yake twende kisiwa kingine. Siku moja, Mungu akipenda, mpaka Alaska.

Akiba yangu ni dola 68,000. Nimezitazama tatu. Ya kwanza ni Nordic Tug ya futi 26 ya mwaka 1984, mashine moja ya dizeli, imetembea saa 3,100. Mwenyewe ni mzee aliyefiwa na mkewe, anataka 54,000. Nilipoingia ndani nikasikia harufu ile ya dizeli na mbao iliyolowa, Mzee, machozi yalinilenga. Ya pili ni Ranger R-25 ya mwaka 2011, safi kama imetoka kiwandani jana, choo kizuri, ina vile vipangaboi vya kusukumia omo (mbele ya chombo) na shetri (nyuma yake) wakati wa kufunga gati. Hiyo ni 98,000, yaani mpaka nikope. Ya tatu ni Ranger R-21, ndogo, dizeli ya nguvu za farasi 30, kwa 39,000.

Mwanangu ananicheka. Anasema kwa pesa hizo nitapata boti ya futi 24 yenye mashine mbili za nje, inakwenda noti 35, yaani maili 35 za bahari kwa saa, nifike San Juan asubuhi na jioni niwe nyumbani, badala ya kutambaa kama kobe. Mwenzangu kazini naye anasema ninunue ya kuburuta kwa trela, nisilipe pesa za marina, ile bandari ndogo ya kufungia boti. Gari langu ni Toyota Sienna.

Mke wangu hajui lolote. Yeye ni wa Dodoma, bahari ameiona ukubwani. Hata kwenye feri ya Bainbridge hukaa katikati akafumba macho. Na mimi nimeshamwahidi yule mzee wa Nordic kwamba Jumamosi ijayo nitampelekea dola 2,000 za kushikia.

Ninunue ipi? Na mama watoto nimwambie kabla au baada?

Mpemba wa Kent

Jibu

Waaleikum salaam mdogo wangu,

Swali la mwisho nalijibu kwanza: kabla. Mwambie kabla, na hizo dola 2,000 zibaki benki. Namna ya kumwambia nitakuja nayo, maana haihitaji maneno mengi. Sasa tuseme habari ya chombo.

Hivi vitagi vina sura ya kizamani, lakini havikuzaliwa kwa sababu ya kumbukumbu za babu wa mtu. Vilizaliwa kwa sababu ya bei ya mafuta. Nordic Tug ya futi 26 ilichorwa na Lynn Senour kwa ajili ya Jerry Husted, mwenye kampuni, ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya boti ya Seattle Januari 1980, wakati Wamarekani wametoka kupigwa na misukosuko miwili ya mafuta, wa 1973 na wa 1979. Watu wenye maboti makubwa ya kwenda kasi walikuwa wanayaangalia yamefungwa gati. Husted akaja na boti nono, mashine moja, inakunywa dizeli kama ndege anavyokunywa maji. Sura ya tagi ni nguo tu. Mwili wake ni mwendo wa polepole, na ukinunua mmojawapo wa vitagi hivi, unanunua mwendo huo kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Nikupe hesabu, wewe wa ghalani unaziweza. Chukua urefu wa chombo pale kinapokatana na maji, kwa futi. Tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 1.34. Hizo ndizo noti zake za raha, yaani maili za bahari kwa saa. Chombo chenye futi 25 majini: kipeuo ni 5, jibu ni noti 6.7. Hapo Nordic yako itakunywa kama galoni moja au moja na nusu kwa saa. Ukitaka kupita hapo, chombo kinaanza kupanda wimbi lake mwenyewe, shetri inazama, omo inatazama mbinguni, na mafuta yanakwenda. Ile R-25 ina mashine kubwa zaidi na tumbo lililochongwa ili iweze kukimbia ikibidi, inafika noti kumi na kitu, lakini ukiikimbiza hivyo itakunywa mara nne ya inachokunywa ikitembea. Kwa hiyo nayo, siku nyingi, utaiendesha kwa noti 7. Tofauti ni kwamba ina akiba ya mbio za kuwahi bandari mbingu zikibadilika. Akiba hiyo ina thamani. Kama ina thamani ya dola 44,000 zaidi na mkopo ukiwa na miaka 57, hilo tutaliona.

Sasa ipige hesabu ya safari yako. Kutoka Des Moines, marina iliyo karibu na wewe, hadi Friday Harbor, huko San Juan, ni maili 80 na kitu za bahari. Kwa noti 7 ni saa 12 za usukani, na mafuta ni galoni 18 hivi. Mtu mwenye akili hazimalizi kwa siku moja. Siku ya kwanza unalala Everett. Siku ya pili unapita upande wa ndani wa kisiwa cha Whidbey, Saratoga Passage, maji yamekingwa pande zote, unaingia ule mfereji wa Swinomish unaopita katikati ya mji wa La Conner, unalala hapo au Anacortes. Siku ya tatu, asubuhi, unavuka Rosario Strait na umeshafika visiwani. Siku tatu za kwenda. Mwanao ataona ni adhabu. Ukiisoma njia hiyo na ukaona ndiyo safari yenyewe, basi wewe ni mtu wa kitagi. Ukiona ni gharama ya kufika, mwanao yuko sahihi na mimi nisikupotezee muda.

Ila kuna jambo Mpemba anaweza kujidanganya nalo. Unajua bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo), unajua mkondo, na tofauti ya maji kujaa na kupwa huko haipishani sana na ya kwetu. Lakini kwetu maji hujaa mara mbili yakakaribiana, na unaweza kuyakisia kwa mwezi. Huko Puget Sound, ghuba ya huko kwenu, maji ya kujaa mawili ya siku moja hayalingani kimo, na kupwa kwake hivyo hivyo, kwa hiyo usikisie kwa mwezi, soma majedwali. Tena sehemu nyembamba zina mbio za kutisha. Deception Pass mkondo hufika noti 8. Fikiria wewe na noti zako 6.7 ukiwa umeelekea mbele, mashine inanguruma, na miamba ya pembeni inakupita kwenda mbele. Hapo hupigani. Unangoja maji yasimame, unakunywa chai, unapita. Tacoma Narrows nayo, ukishuka kusini, si ya kuidharau. Chombo cha noti 35 kinampa mtu ujinga wa kutotazama saa. Kitagi kinakurudisha kwenye shule ya babu yako, na kwa wewe nadhani hiyo ni faida.

Nije kwenye magogo. Nimesema nisikupotezee muda lakini hili lazima. Maji ya huko yana magogo yanayoelea, mengine yamelowa mpaka yamesimama wima, kichwa tu kiko juu ya maji, huwezi kuyaona mpaka umeyafikia. Chombo changu cha kwanza huko kilikuwa cha mbio, mwenye kuniuzia alinisifia kasi na mimi nikalipa kasi. Mwezi wa pili nilipiga gogo nikiwa noti 24. Mguu wa mashine uliokuwa umening'inia nyuma ulikatika kama mhogo. Bahati yetu hakuna aliyeumia. Kitagi cha aina ya Nordic kina mkuku mrefu, yaani uti wa chini wa chombo, unaoshuka mpaka chini ya rafadha, lile pangaboi la kusukumia chombo, kwa hiyo gogo au kamba ya mtego wa kaa ina nafasi kubwa ya kupita chini bila kugusa kinachozunguka. Na kwa noti 7 una muda wa kuliona. Ranger mpya za miaka ya karibuni zimeanza kuwekewa mashine ya nje nyuma. Ni nyepesi, za kasi, ni rahisi kwa fundi, sizitukani, ila ulinzi huo wa mkuku haupo tena. Ya 2011 uliyoitazama bado ni ya mashine ndani.

Habari ya trela tuifunge haraka. Sheria ya Washington inaruhusu upana wa futi 8 na inchi 6 barabarani bila kibali maalumu, ndiyo maana R-25 ina upana huo. Nordic ina futi 9 na nusu, kwa hiyo kila ukiiburuta unaomba kibali. Lakini wewe Sienna yako haiburuti hata mojawapo ya hizo mbili. Ukinunua ya trela utalazimika kununua na pikapu kubwa ya dizeli, na hapo umenunua marina ya miaka mingi. Upana wa ile Nordic, kwa mtu atakayekaa majini, ni nyumba. Futi moja ya ziada ndiyo inayoamua kama watu wawili watapishana jikoni au watagombana.

R-21 ni kitoto kizuri. Kwa Ziwa Washington, kwa kwenda Gig Harbor na kurudi, kwa mtu mmoja na mjukuu, ningeinunua leo. Kwa watu wazima wawili siku kumi kwenye mvua ya Juni, hapana. Utamaliza magoti na ndoa.

Kwa hiyo, kwa haja uliyoieleza, nakupa Nordic, kwa masharti, na sharti la kwanza ni bei. Umehesabu 54,000 kutoka 68,000 ukaona zimebaki 14,000. Hazijabaki. Ukinunua kwa mtu binafsi, siku ya kuandikisha jimbo litakudai kodi ileile ya mauzo, na upande wenu ni karibu asilimia 10, yaani zaidi ya 5,000. Kila mwaka kuna kodi ya chombo, asilimia 0.5 ya thamani. Marina inatoza kwa futi, kila mwezi, umesafiri hujasafiri. Bima ya chombo cha miaka 40 haitolewi kwa tabasamu: watataka ripoti ya mkaguzi na watakuuliza umewahi kuongoza nini, na mashua ya babu sina hakika wataiandika. Mkaguzi mwenyewe ni pesa, kukinyanyua chombo nje ya maji ni pesa. Mimi nisingelipa zaidi ya 45,000, na hizo 23,000 zinazobaki ningeziona kama sehemu ya bei, maana mwaka wa kwanza utazila nusu yake. Mzee akikataa, mpe mkono, ondoka. Vipo vingine.

Sharti la pili ni ukaguzi, na hapa tafadhali soma polepole.

Ulilelewa kwenye chombo cha mbao. Kile kilikuwa kinasema kinapougua: kinavuja, unaziba nyufa kwa kalafati, unapaka sifa (mafuta ya samaki), mnaendelea. Faibaglasi inanyamaza. Sitaha na kuta za juu za vyombo vingi vya miaka hiyo zimetengenezwa kama mkate: tabaka la faibaglasi, mbao katikati, tabaka lingine. Maji yakipenya kwenye tundu la skrubu au pembeni ya kioo, mbao inaoza humo ndani, na nje unaona rangi nyeupe safi. Harufu ile iliyokutoa machozi, ya mbao iliyolowa, ndiyo iliyonitisha mimi nilipoisoma barua yako. Vitagi vina vioo vingi na vyote vimesimama wima kupokea mvua ya Washington. Tazama chini ya kila kioo kwa ndani. Ukiona doa la kahawia linaloshuka kama chai, hapo panavuja, na swali ni tangu lini. Mkaguzi atagonga sitaha yote kwa nyundo ndogo: palipo pazima patalia kama meza, palipooza patajibu kama boga. Ana na kipimo cha unyevu. Mtafute mwenyewe, awe mwanachama wa chama cha wakaguzi wa vyombo. Usikubali aliyependekezwa na muuzaji, hata kama muuzaji ni mzee mwenye huruma aliyefiwa.

Saa 3,100 zisikuogopeshe. Mashine ya dizeli inayotunzwa hiyo kwake ni ujana. Kinachoiua ni kukaa. Saa 3,100 gawa kwa miaka 40 upate saa 77 na kitu kwa mwaka, na kama saa nyingi zilikuwa za zamani na tangu mkewe afariki imefungwa tu, hapo ndipo pa kuuliza. Peleka oili maabara, ni pesa ndogo na majibu yake hayana adabu ya kuficha. Iwashe ikiwa ya baridi. Moshi mweusi unaoendelea ni mzigo mkubwa au hewa ndogo, wa buluu ni oili inaungua, mweupe usiokwisha mashine ikishapata moto ni wa kumuuliza fundi. Kisha muende baharini, muikandamize mashine mpaka mwisho dakika chache, muone kama inafika mizunguko iliyoandikwa na mtengenezaji bila joto kupanda. Fungua na funga kila vali ya chini ya maji kwa mkono wako. Iliyoganda haitakusaidia siku mpira utakapopasuka. Uliza tangi la dizeli ni la chuma gani na lina umri gani, kwa sababu kubadilisha tangi kwenye chombo hiki kunaweza kukulazimu ubomoe sakafu.

Tangi la majitaka nalo litazame. Tangu 2018 Puget Sound yote ni marufuku kumwaga majitaka ya choo, hata yaliyotiwa dawa. Vyombo vya zamani vina mifereji ya ajabu iliyofungwa na watu watano tofauti. Na wewe ni mtu wa udhu, kwa hiyo uliza tangi la maji safi linaingia kiasi gani. Mtu anayesali mara tano hutumia maji kuliko kipimo alichokuwa nacho mchoraji wa Seattle. Halafu utagundua ukitia nanga chombo kinazunguka, umetia nia umeelekea kibla, rakaa ya pili unatazama Canada. Hilo kaa na maalim wako.

Ile R-25 imenizidi kete kwenye jambo moja: hivyo vipangaboi vya omo na shetri, wenyewe wanaviita thrasta. Kitagi kina kibanda kirefu, kinashika upepo kama tanga, na kina rafadha moja. Ukipiga rivasi shetri inavutika upande mmoja utake usitake. Siku ya upepo, marina imejaa, watu wamekaa wanakutazama na vikombe vyao, hapo ndipo wanaume wanapoanza kuwafokea wake zao. Kama Nordic ya yule mzee haina thrasta ya omo, weka pesa yake kando kabla ya kununua rada, kabla ya mito mizuri, kabla ya yote.

Alaska iache kwanza. Kuna mahali huko juu, Queen Charlotte Sound, Pasifiki inaingia wazi bila kisiwa cha kuikinga. Fanya misimu miwili mitatu ya San Juan, ndipo tuzungumze.

Sasa mama watoto.

Mke wangu mimi nilimpandisha chomboni kwa mara ya kwanza mchana wa Julai. Jua kali, nilijiona hodari. Pale Admiralty Inlet maji yalikuwa yanatoka na upepo wa magharibi unaingia, vikakutana, mawimbi yakasimama mafupi mafupi kama ngazi. Sahani zote zilivunjika. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililopaswa kunistua. Tulipofika Port Townsend alishuka na mkoba wake, akaenda kupanda basi. Akaniambia, "Sina ugomvi na bahari. Wewe ndiye uliyejua na hukuniambia." Nilikiuza chombo baada ya miaka miwili ya kwenda peke yangu. Nilikuwa nimesoma utabiri asubuhi ile. Nilijua.

Kwa hiyo usimwambie kwa maneno, mpeleke. Bellingham na Anacortes kuna kampuni zinazokodisha vitagi hivihivi, Nordic na Ranger. Chukua siku tatu, mwisho wa Mei au Septemba mwanzoni wakati bei imeshuka na visiwa vina nafasi. Lipia nahodha wao siku ya kwanza awafundishe nyote wawili, maana mume akimfundisha mke usukani ni kama kumfundisha gari. Ondokeni asubuhi, mwende mwendo wa saa mbili tu, saa sita mchana muwe mmeshatia nanga. Upepo wa huko kiangazi huamka mchana. Mkalishe kwenye kibanda cha juu anapoona mbele, asishuke chini kwenye vitanda chombo kikiwa kinatembea, kwa sababu vyombo hivi vikipigwa mawimbi ya ubavuni huyumba, na anayeyumba bila kuona upeo wa bahari hutapika. Hita iwake. Mtu wa Dodoma akiwa na joto, kikombe mkononi na sili wanamchungulia kutoka majini, anaweza akakushangaza. Mkiwaona nyangumi wale weusi na weupe, orca wakazi wa kusini kama wanavyoitwa, sheria tangu Januari 2025 ni kukaa yadi 1,000 mbali nao, na kwa mkeo nadhani hata hizo atasema ni chache.

Na mpe usukani. Maji ya Puget Sound yako kati ya nyuzi 8 na 13 za sentigredi mwaka mzima. Chomboni mko wawili tu, na anayeanguka ni yule anayezunguka sitahani na kamba, yaani wewe. Dakika ya kwanza unapigania pumzi. Baada ya hapo una kama dakika 10 kabla vidole havijakataa kushika kitu. Ndani ya dakika hizo mtu aliyebaki juu lazima ajue kuzima gia, kugeuza chombo, kushusha ngazi, kuita Walinzi wa Pwani kwenye redio chaneli 16. Mtu huyo ni mkeo. Jaketi okozi unalivaa sitahani wakati wote, usiliweke chini ya kiti. Kadi ya mafunzo ya uongozaji boti sheria inakudai wewe, kwa sababu umezaliwa baada ya Januari 1, 1955. Mchukulie na yeye, msome pamoja mezani.

Siku tatu zikiisha akasema hapana, umepoteza pesa ya kukodi, na R-21 ya kwenda mwenyewe na mjukuu bado ipo duniani. Akisema labda, rudini mkaitazame Nordic pamoja. Yeye aingie kwanza, alale kitandani, ajaribu ngazi ya kushukia na magoti yake, akae chooni na mlango umefungwa. Wewe wakati huo usiseme kitu kuhusu babu.

Jumamosi mpigie yule mzee, mwambie ukweli kwamba mke hajaiona na huweki pesa mpaka aione. Mfiwa ataelewa kuliko mtu yeyote. Na siku mtakayokwenda, fikeni nusu saa kabla ya muda, inua kifuniko cha chumba cha mashine, uweke kiganja juu ya mashine kabla hajaiwasha. Ukiikuta ina joto, muulize ameiwasha asubuhi kwa sababu gani.